Uranus Kwenye Kituo cha Majani Chai

Wiki iliyopita nilikuwa nimekaa mlangoni napepeta maharagwe, binti yangu akaja akanisukumia simu usoni. "Mum, ona hii." Ilikuwa picha ya sayari ya Uranus iliyopigwa na ile darubini mpya kubwa iliyo huko angani: mpira mweupe wenye samawati kwa mbali, na pete nyembamba zimeuzunguka kama duara za maji ukitupa jiwe bwawani. Alitegemea niseme "nzuri" niendelee na maharagwe. Mimi nikaweka ungo chini na machozi yakanitoka, hata sikujua yalikuwa karibu hivyo. Akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia, "Huyo namfahamu. Kuna siku mimi ndiye nilikuwa Uranus." Akanitazama vile watoto wa siku hizi wanavyotutazama sisi, akarudi kwenye simu yake. Basi wewe, rafiki yangu, vuta kiti. Wewe una subira kuliko yeye.

Nililelewa na Kogo. Ndivyo sisi Wakipsigis tunavyomwita nyanya, na kwangu neno hilo lilikuwa la mtu mmoja tu duniani. Mama alikuwa akifanya kazi mbali, tunamwona Krismasi akija na mikate na nguo. Nyumba yetu ilikuwa juu ya kilima ng'ambo ya Kiptere, na majani chai yalianzia pale ukuta wa nyumba ulipoishia, yakashuka hadi mtoni, yakapanda upande wa pili yakawa ya watu wengine. Asubuhi ukungu ulilala bondeni mpaka jua lipate nguvu. Tulikunywa chai kwa vikombe vya bati, chai ya maziwa mengi iliyochemka mpaka moshi wa kuni umeingia ndani, tukala kiporo cha ugali kilichochomwa kwenye makaa mpaka kikafanya ganda. Jioni ilikuwa ugali tena, na mursik, maziwa yaliyochachushwa kwenye kibuyu, ule uchachu wenye harufu ya mkaa unaokushika puani. Mpaka leo nikinywa maziwa ya pakiti nasikia kama nimedanganywa.

Kabla ya shule nilikuwa nimeshachuma. Miaka hiyo ya tisini watoto wa kwetu tulichuma asubuhi, tukirudi tunachuma tena, na hakuna aliyetuonea huruma. Unajifunga nailoni kiunoni, unabeba kikapu mgongoni, unaingia mstarini, na umande unakulowesha mpaka tumboni. Majani mawili na chipukizi moja, basi. Ukichuma la tatu, Kogo analisikia. Nasema analisikia, si analiona. Jani changa linakatika kwa sauti yake na jani gumu kwa sauti yake, na akiwa mistari kadhaa kutoka kwangu angepaza sauti, "Wee! Hilo ni la mbuzi!" Vidole vyake vilikwenda vyenyewe, uso ameuelekeza kwingine kabisa, anamsengenya jirani.

Alikuwa mkali, mbishi, na mcheshi kupita watu wote niliowahi kuishi nao. Umri wake hakuna aliyeujua. Alisema alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni wakati Wazungu walipokuja kuchukua wanaume wakawabebeshe mizigo ya vita vyao vya kwanza. Wewe piga hesabu. Ukimlalamikia jambo lolote, kazi au baridi au mwalimu, alikuwa na msemo wake: "Maneno ya aliyeketi hayajazi kikapu." Nilichukia msemo huo kwa moyo wangu wote, na juzi nilijisikia nikimwambia binti yangu.

Barafu tuliijua kwa njia moja tu. Huko kwetu mvua ya mawe si habari ya gazeti, ni jambo la saa tisa alasiri. Unaona wingu limegeuka rangi ya chuma, baridi inaingia ghafla, ng'ombe wanajikusanya, halafu mabati yanaanza: moja, mbili, halafu husikii hata mtu anayekupigia kelele sikioni. Ikiisha, sisi watoto tunatoka na vikombe kuokota mawe tuyale. Watu wazima hawali. Wanasimama kando ya shamba wakitazama chai iliyochanika. Na harufu ile, jamani, harufu ya majani mabichi yaliyopondwa kilima kizima! Chai iliyopigwa na mawe haichumwi kwa wiki kadhaa, hadi itoe machipukizi mapya, na wiki hizo Kogo alikuwa hasemeshwi.

Sasa ndani ya maisha hayo akaingia mwalimu wa sayansi. Alitoka upande wa Kisii, kijana mwembamba mwenye sweta moja ya kijani, na alikuwa na gazeti kuukuu la picha alilolitunza kama Biblia. Siku moja alilifungua mbele ya darasa, akatuonyesha mpira wa rangi ya bluu iliyochanganyika na kijani, laini, hauna doa, hauna mlima, hauna hata wingu. Nyuma ya darasa mtu akauliza, "Mwalimu, hii ni balbu?" Tukacheka. Yeye hakucheka. Alisema, "Hii ni Uranus. Ni jitu la barafu," na vile alivyolitamka neno jitu, tukainuka kuitazama upya.

Akatuambia Dunia yetu unaweza kuitia ndani yake zaidi ya mara sitini na bado kuna nafasi. Kwamba haina ardhi ya kukanyaga. Ukianguka ndani yake unaendelea kuanguka tu, kwenye hewa, kisha kwenye hewa nzito, kisha kwenye kitu ambacho si hewa wala maji, mchanganyiko wa maji na amonia na gesi uliobanwa mpaka ukawa mzito kama uji wa shule, tena wa moto sana. "Barafu ya moto, mwalimu?" aliuliza msichana wa mbele. "Barafu ni jina tu limebaki," akasema. Na huko ndani kabisa, wanasayansi wanafikiri, kaboni inabanwa mpaka inakuwa almasi, na almasi hizo zinanyesha kwenda chini kama mvua ya mawe. Lo! Sisi mvua ya mawe tuliijua. Nina hakika kila mmoja wetu alikuwa anasikia mabati.

Lakini kilichonimaliza mimi ni kulala kwake. Dunia imeinama kidogo tu inapozunguka, ila Uranus imelala ubavu kabisa, na watu wanadhani zamani sana kuna kitu kikubwa kiliigonga kikaiangusha. Inaviringika kwenye njia yake kama pipa. Kulizunguka jua mara moja inaichukua miaka themanini na minne ya kwetu, na huo ndio mwaka wake mmoja. Na kwa sababu imelala, ncha moja inalitazama jua nusu ya mwaka huo huku nyingine ikiwa gizani. Miaka arobaini na miwili ya mchana, miaka arobaini na miwili ya usiku! Na chombo kilichowahi kufika huko ni kimoja tu. Kilisafiri zaidi ya miaka minane, kikapita kando yake kwa saa chache, kikapiga picha kama hiyo ya gazetini, kikaendelea na safari kwa sababu hakikuwa na jinsi ya kusimama. Mpaka leo ninapokusimulia, hakuna kingine kilichofuata. Siku hiyo nilitembea kwenda nyumbani nikaipita njia ya kwetu bila kuiona.

Mwalimu huyo ndiye aliyeanzisha maneno ya shule ya bweni. Alisema kichwa changu kinataka mahali penye vitabu, na kuna shule ya wasichana upande wa Sigor ambayo ingenichukua mwaka unaofuata. Mama alikubali. Kilichobaki kilikuwa neno la Kogo, maana kwetu aliyekulea ndiye mwenye neno la mwisho. Na Kogo alisema hapana. Mwalimu akaja nyumbani kumbembeleza, akapewa mursik, akanywa, akaongezwa, akaondoka na hapana ile ile. Mimi nililia, nikanuna, nikachuma chai kwa hasira mpaka vidole vikawa vyeusi. Hapana. Sababu hakusema. Mwishowe alikubali jambo moja: atakuja shuleni siku ya wazazi, kwa mara ya kwanza maishani mwake, aone hicho ninachofundishwa. "Nikiona cha maana," alisema, "tutaongea." Roho yangu yote nikaiweka kwenye siku hiyo.

Mwalimu naye alikuwa na mpango wake wa siku ya wazazi, na mpango wenyewe haukuwahi kuonekana wilaya nzima. Aliamua kuonyesha jinsi anga lilivyo kubwa. Jua lingekuwa sufuria ya uji ya shule, ile kubwa ambayo mtoto wa darasa la kwanza angeweza kuoga ndani yake, imesimamishwa chini ya bendera. Kisha kila sayari ingekuwa tunda au punje mkononi mwa mwanafunzi, aliyesimama barabarani kwa umbali unaofaa. Dunia ilikuwa punje ya njegere, ikakaa karibu na lango. Mirihi ilikuwa punje ndogo zaidi, ikakaa kwa mashine ya kusaga unga. Mshtarii, ile kubwa kuliko zote, ilikuwa chungwa kubwa, kanisani. Zohali, ile yenye pete, ilikuwa chungwa dogo lililovishwa kadibodi, ikakaa kwenye josho la ng'ombe. Wazazi wangetembea kutoka jua kwenda nje, na kila mwanafunzi angewaeleza sayari yake. Nilingoja jina langu. Nilitaka Dunia. Hata Mirihi ningeshukuru.

"Wewe ni Uranus," mwalimu aliniambia, akanipa ndimu ya kijani. "Utasimama kwenye kituo cha majani chai."

Rafiki yangu, kituo cha majani chai, pale tunapopimiwa majani kabla ya lori la kiwanda kuyachukua, kilikuwa kama kilomita mbili kutoka shuleni! Nilijua wazazi wa kwetu. Nilijua viatu vya kanisani na matope ya barabara ile. Nilijua pia kwamba nyuma ya jikoni ya shule kungekuwa na mbuzi wawili wanachemka. Nani angetembea kilomita mbili kuangalia ndimu? Na Kogo angepita njia ya mkato ya mtoni, afike shuleni, akae kwenye benchi, aone watoto wa watu wakisema mashairi, aondoke bila kuniona. Nikamwambia mwalimu nikilia kwamba nikiwekwa huko mimi kwisha. Aliniangalia, akasema kwa upole, "Uranus ndiyo uliyoipenda. Na wengine wote nikiwaweka mbali watatoroka. Wewe hutatoroka." Alinijua vizuri sana, mtu yule.

Siku ikafika. Nilioga, nikapakwa mafuta mpaka nikang'aa, nikavaa sare iliyopigwa pasi ya makaa. Kogo alisema atafuata nyuma polepole, magoti yake hayataki haraka. Nikafika kituoni, nikatafuta mahali pangu penye ardhi kavu, mbele kabisa ya mlango uliokuwa bado umefungwa, nikaweka kikapu changu cha shule chini, nikasimama na ndimu mkononi nikitazama upande wa shule, yaani upande wa jua. Hakuna mtu.

Sasa lazima ujue jambo moja kuhusu vituo vyetu. Mtu akileta majani mapema hapangi mstari kwa miguu. Anaweka kikapu chini na kikapu ndicho kinachopanga, yeye anakwenda kivulini kupiga gumzo. Kikapu cha mbele kikisogea, vyote vinasogea, na atakayeruka kikapu cha mwenzake atasikia maneno ambayo sitayarudia hapa. Basi mama mmoja akaja na majani yake, akaona kikapu changu, akaweka chake nyuma. Akaja mwingine. Kabla sijajua, nilikuwa na mkia wa vikapu nyuma yangu mpaka barabarani. Karani wa kituo, mtu mnene mwenye koti jeupe lenye madoa ya majani, akafungua mlango, akaning'iniza mizani, akapiga kelele, "Haya, wa kwanza! Leta!"

Sikusonga. Ningesongaje? Sayari haiendi kupimwa kilo. "Wee msichana, si usonge?" alisema mama wa nyuma. "Siwezi." "Huwezi nini? Umefungwa?" Nikawaambia kwa sauti yote niliyokuwa nayo, "Mimi ni Uranus, na mwalimu amesema nisitoke hapa." Karani akaja, akaangalia ndani ya kikapu changu, akakuta kitabu na kiazi kilichochemshwa, akacheka mpaka ikabidi ashike nguzo. Wakakubaliana, baada ya ubishi mwingi, kwamba vikapu vinizunguke. Kwa hiyo mchana ule watu wa kilima chetu walipima majani wakizunguka sayari, na kila aliyepita aliniuliza kama nimeadhibiwa.

Nilingoja. Jirani yetu mmoja akapanda kutoka upande wa shuleni akituletea habari kwamba wazazi walifika kwa mashine ya kusaga unga, wakasikia harufu ya mchuzi, wakarudi. Mtoto wa Mshtarii alikuwa amekula sayari yake. Wa Zohali naye alionekana kwenye foleni ya pilau. Nikauliza kama Kogo amefika huko. Hakumwona. Wingu lilikuwa limeanza kugeuka rangi ile ya chuma. Nilisema, basi, shule ya bweni imekwenda, nitachuma chai mpaka nizeeke, na hata kuonekana sijaonekana.

Ndipo nikamwona akija, kutoka upande wa nyumbani, na fimbo, na kitambaa chake cha kanisani, anakanyaga kwa uangalifu mkubwa kama mtu anayevuka mto. Njia ya mkato ilikuwa imemshinda, akafuata barabara, na ndiyo kwanza alikuwa anafika kituoni. Nikamwita. Alisimama, akageuza kichwa huku na huku.

"Ni wewe? Shule imehamia hapa?"

"Kogo, mimi ni Uranus. Siruhusiwi kusonga."

"Nani amekukataza?"

"Mwalimu."

"Na yeye yuko wapi?"

"Yuko kwenye jua."

Karani akaanza tena kucheka. Kogo akaketi kwenye kreti, akashika magoti, akasema hatakwenda zaidi ya hapo, hata kama huko mbele kuna Yesu mwenyewe. "Kama kuna kitu cha kunionyesha, nionyeshe hapa."

Nilipofungua mdomo tu, mawe yakaja. Watu wote na vikapu vyao wakajibana chini ya mabati ya kituo, na kelele ikawa ile isiyo na nafasi ya neno. Nikapiga magoti kando ya Kogo, nikaweka mdomo sikioni mwake, na hotuba yangu yote niliyoikariri kwa ajili ya wazazi wa shule nzima, nikaimimina ndani ya sikio hilo moja. Nilimwambia ukubwa wake. Nilimwambia haina mahali pa kukanyaga. Nilimwambia juu ya chombo kile kilichopita bila kusimama. Nilimwambia almasi zinanyesha huko kama haya mawe, akanivuta na yeye akasema sikioni mwangu, "Hata ingekuwa almasi, majani yangechanika vile vile!" Nikamwambia imelala ubavu, na mwaka wake, na mchana wake, na usiku wake. Mkono wake ulikuwa umeshika mkono wangu, na kila nilipotaja jambo jipya ulikaza. Nilikuwa sijawahi kusikilizwa hivyo na mtu mzima. Nje ardhi yote ilikuwa imegeuka nyeupe.

Mawe yalipopungua, aliuliza, "Mwaka mmoja wa huko ni miaka mingapi umesema?"

"Themanini na minne."

Akafikiri. Kisha akacheka, akapiga goti lake. "Basi mimi sijamaliza hata mwaka! Na hawa wananiita mzee."

Halafu akaacha kucheka. Kwa Kipsigis jua tunaliita Asis, na ndilo jina ambalo wazee wetu walimwitia Mungu kabla ya kanisa. Kogo alikuwa Mkristo wa kuimba kwaya, lakini kila asubuhi akitoka nje alielekeza uso mashariki kwanza. Akauliza, "Na yule anayezaliwa usiku ule ukianza, hamwoni Asis mpaka lini?" Nikamwambia hakuna watu huko. "Najua hakuna watu, usinifanye mjinga. Nasema kama wangekuwepo." Nikasema angefika miaka arobaini na miwili bila kuliona. "Sasa nani anamwambia kwamba jua lipo?" Mwalimu hakutufundisha hilo. Akajijibu mwenyewe: "Ni kama marika yetu. Maina, Chumo, Sawe, Korongoro, yanakwenda hivyo mpaka Maina inarudi tena. Hakuna aliye hai anayeona rika lake likirudi. Lakini tunajua linarudi. Tuliambiwa."

Nikanyoosha mkono kumwonyesha ndimu. "Kogo, ndiyo hii, rangi yake ni kama hii."

"Iko wapi?"

Ilikuwa mbele yake. Aliitafuta kwa kichwa, kushoto, kulia, kisha akanyoosha vidole hewani mpaka vikaigusa. Akaizungusha. "Ni kijani ama imeiva?" akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza saa.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikakumbuka kidole chake ndani ya kikombe kila anapomimina chai. Nikakumbuka kwamba siku hizi hamsalimu mtu mpaka mtu huyo aseme neno. Shambani hakuna aliyegundua, kwa sababu shambani hakuwahi kuhitaji macho. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu mvua za mwaka jana, giza linaingia kutoka pembeni, na sasa anaona kama mtu anayechungulia kwenye mdomo wa kibuyu. "Ndiyo maana nilisema hapana," akasema. "Nilitaka ukae uwe macho yangu."

Nikamwambia nitakaa. Nilisema haraka, na nilisema kweli, nikilia, nimeshika sketi yake. Hakuna shule ya bweni duniani ambayo ingenitoa pale dakika ile.

"Nyamaza," alisema. "Mimi naingia upande wa usiku. Huo ni wangu. Nikikuvuta twende wote, nani atakuja kuniambia kunavyokuwa kwenye jua?" Akanirudishia ndimu, akaifunga mkononi mwangu kwa vidole vyake vigumu. "Nenda huko kwa vitabu. Ukifunga shule uwe unakuja kuniambia. Kila kitu, usiruke."

Karani na wale mama walikuwa wakitazama mawe yakiyeyuka, wakijifanya hawasikii. Tulirudi nyumbani mimi na Kogo tumeshikana mikono, tukipita kwenye harufu ile ya majani yaliyopondwa, na kwa mara ya kwanza hakuisema vibaya mvua.

Nilikwenda Sigor, kwenye vumbi na miiba na anga pana lisilo na ukungu. Mama alimpeleka Kogo hospitali. Ilikuwa ile presha ya macho inayoiba kidogo kidogo, na ilichokwisha kuiba hairudishi. Kila likizo niliingia nyumbani nikamkuta ameketi karibu na moto, uso ameuelekeza mlangoni, na kabla ya salamu kuisha angesema, "Haya, kikapu kimejaa nini?" Nikaketi miguuni pake nikamwambia. Nilimwambia juu ya moyo wa binadamu na vyumba vyake vinne, juu ya milima iliyo chini ya bahari, juu ya Neptune, lile jitu la pili la barafu lililo mbali zaidi, lenye upepo mkali kuliko upepo wote. Hiyo hakuipenda, alisema upepo wa Sigor unatosha. Alifariki miaka hiyo ya tisini inaisha, mimi nikiwa sekondari. Niliyokuwa nimemwekea kumwambia likizo ile, sikumwambia mtu mwingine.

Mwalimu alihamishwa, na hakuna anayejua aliko. Kituo sasa kina sakafu ya saruji na mizani inayoandika namba nyekundu, na watu wanapanga foleni kwa miguu, simu mkononi. Kwenye mashamba makubwa kuna mashine zinazokata chai, zinanguruma mstari mzima, na hakuna anayesikiliza jani likikatika. Wale watoto wa punje na machungwa wametawanyika. Mmoja wao, yule aliyekula Mshtarii, ni mchungaji. Nikiwaambia wanangu kwamba kulikuwa na siku ambapo jua lilikuwa sufuria ya uji na anga lilifika mpaka ng'ambo ya kituo, wanafikiri natunga.

Tangu alasiri ile Uranus haijafika hata nusu ya mzunguko wake. Ile ncha iliyokuwa ikiota jua nilipopiga magoti kwenye kituo imeshageuka, iko gizani, na jua litakapoirudia mimi nitakuwa kogo wa mtu. Nimeipiga hesabu hii mara nyingi, nikifua, nikichuma, nikipepeta maharagwe. Kwa kalenda ya hapa Kogo ametutoka zamani, kaburi lake limeota majani na vitukuu hawajui sauti yake. Kwa kalenda ya huko, amekufa mwaka huu. Ni mwaka huu huu tulikuwa chini ya mabati yale, mdomo wangu sikioni mwake, mkono wake ukikaza, na mwaka wenyewe bado haujaisha.